Ua kaburini: fahari ya walio hai au dua kwa maiti?

Wanaopinga maua ya kuchongwa au kupachikwa kwenye majengo ya makaburi ya Waislamu wana hoja nzito. Katika hadithi ya Jabir iliyomo kwenye Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) alikataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Nayo makaburi ya minara ya Kunduchi, Dar es Salaam, ya karne ya 18, yaliyopachikwa mabakuli ya kaure kuwa pambo, yanaonyesha wazi kwamba waliozikwa pale walikuwa na mali na jamaa zao walitaka ijulikane.

Hata hivyo, kulihesabu ua lenyewe kuwa ni pambo la wenye kujikweza ni kulidhulumu. Aya ya 89 ya Suratul Waqi'a inawaahidi waliokaribishwa kwa Mola wao raha, rihani (mimea yenye harufu nzuri) na Bustani ya neema. Fundi aliyepachika maua ya mawe ya thamani kwenye marumaru ya kaburi la Mumtaz Mahal, malkia aliyezikwa Taj Mahal kule India, aliyefariki mwaka 1631, na yule wa Istanbul aliyechonga tumba la waridi lililovunjika kikonyo kwa binti aliyekufa angali mdogo, wote wawili walikuwa wakimwombea maiti Bustani hiyohiyo.

Tena ipo hadithi ya Bukhari ambayo katika mjadala huu hutajwa kwa haraka mno. Mtume alipita kwenye makaburi mawili ambayo watu wake walikuwa wakiadhibiwa, akachukua kuti bichi la mtende, akalipasua vipande viwili na kusimika kimoja kwenye kila kaburi, akitaraji wapunguziwe adhabu maadamu vipande hivyo havijakauka. Wapo wanazuoni, al-Khattabi miongoni mwao, wasioona hapo ruhusa kwa watu wengine. Lakini Buraida al-Aslami, sahaba, aliusia awekewe makuti mawili kaburini mwake. Ikiwa sahaba alielewa hivyo, mjane wa Dar es Salaam anayeotesha mrehani kwenye kaburi la mumewe anakemewa kwa hoja gani?

Katazo la kujenga nalikubali, na simtetei anayezungushia kaburi jipya ukuta wa marumaru katika jiji ambalo ardhi ya kuzikia ni haba. Udongo na mrehani vinamtosha maiti. Lakini ya Kunduchi yameshajengwa. Katika makaburi ya pwani hii mabakuli mengi yameshang'olewa, yakabaki mashimo ya duara kwenye chokaa, na ung'oaji huo haukulirudisha hata kaburi moja kwenye Sunna. Yaliyosalia yaachwe mahali pake na yalindwe.