Mjomba, kofia na Uswahilini ya Las Vegas

Nilituma picha ya Mjomba kwenye grupu la ukoo. Amevaa kofia ya jambazi wa sinema na tai pana, nyuma yake taa za Fremont Street, mtaa wa kasino wa Las Vegas, zinawaka kama harusi ya mtoto wa waziri. Ndani ya dakika kumi grupu zima lilikuwa linacheka na kupiga makofi. Halafu binamu yangu mmoja, yule mwenye neno kwa kila jambo, akaandika: "Mjomba angekuwepo Vegas enzi hizo angetesa!"

Nikaandika jibu, nikalifuta. Nikaandika tena, nikalifuta. Grupu lile lina wazee, na mimi nikishaanza sijui kuishia. Nimekuja kumalizia hapa.

Asingetesa. Enzi hizo, yaani miaka ya 1950, Mjomba asingepita kwenye mlango wa kasino ya mtaa ule, labda awe ameshika ufagio.

Nirudi nyuma kidogo. Mjomba ni mstaafu wa reli, Tabora, zaidi ya miaka thelathini ya kupuliza filimbi na kugombana na abiria wasio na tiketi. Alikuja kunitembelea huku Phoenix, Marekani, na kila mtu akanishauri nimpeleke Las Vegas, kwenye Strip, ile barabara ya kasino kubwa, akaone chemchemi zinazocheza muziki. Mjomba ni mtu wa swala tano. Kamari haimhusu, chemchemi haimhusu. Alikubali safari nilipomwambia kwamba ule mji umezaliwa na reli. Hapo akauliza tunaondoka saa ngapi.

Kwa hiyo hatukwenda Strip (ambayo, kwa taarifa ya binamu, haimo hata ndani ya mipaka ya jiji la Las Vegas). Tulikwenda mjini kwenyewe, katikati, ambako tarehe 15 Mei 1905 kampuni ya reli ilisimamisha watu juani ikawapigia mnada wa viwanja. Mtaa wa Fremont ulianzia mlangoni pa stesheni ukaenda moja kwa moja, ili abiria akishuka na begi lake akutane na biashara kabla hajakutana na mtu mwingine yeyote. Mjomba aliupenda sana mpango huo kama mpango, yaani kikazi. Akataka kuiona stesheni.

Stesheni haipo. Tangu mwaka 1971 mahali pake imekaa hoteli ya Plaza. Mzee wangu alisimama mbele ya ule mlango wenye mataa akizungusha macho kama mtu aliyepoteza funguo. Ila reli yenyewe ipo, inapita nyuma ya hoteli, na bahati ilitupenda: treni ya mizigo ilipita, ndefu isiyo na adabu. Mjomba alihesabu mabehewa mpaka yakamshinda. Kwenye safari nzima ya siku mbili, hiyo ndiyo burudani pekee aliyoifurahia bila kinyongo, na ilikuwa ya bure.

Lilipomalizika behewa la mwisho akatazama ng'ambo ya reli, akatazama mtaa wa mataa, akaniuliza:

"Mwanangu, Uswahilini kwao ni wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Amefanya kazi Morogoro, Dodoma, Kigoma. Anajua mji wa reli unavyokatwa: Uzunguni huko kwenye miembe na upepo, Uhindini madukani, na Uswahilini ng'ambo, kwenye vumbi. Hakuwa anatania. Alikuwa anauliza kitu ambacho hakukiona, na kwa uzoefu wake lazima kilikuwepo.

Nilimwambia tutaiona kesho. Kwanza tumalize mataa.

Na mataa, haki yao niwape, hata kama sitaki. Mtaa umeezekwa. Tangu mwaka 1995 kuna paa lililojikunja kama bati la ghala la pamba, mita 27 juu, urefu wake zaidi ya mita 400, na tangu ukarabati wa 2019 limebandikwa taa ndogondogo zaidi ya milioni 49. Kila baada ya muda paa zima linageuka sinema na watu maelfu wanainua shingo kwa pamoja, wakiwemo walevi. Juu ya vichwa vyao watu wengine wanapita wananing'inia kwenye waya, wanapiga kelele, na wamelipia. Kuna Vegas Vic, yule mchunga ng'ombe wa taa za neoni wa mwaka 1951, mrefu kama ghorofa, anayesimama juu ya duka la fulana na sumaku za friji. Ni pazuri. Ni kelele tupu, harufu ya bia na sigara, lakini ni pazuri, na mtu akiniambia hakufurahi hata dakika moja pale nitajua ananidanganya.

Ndani ya kasino Mjomba alitafuta saa ya ukutani ili ajue wakati wa swala. Hamna saa. Hamna dirisha pia. Nikaketi kwenye mashine moja nimwonyeshe inavyofanya kazi, nikaingiza dola 20, na zikaisha kabla sijamaliza kueleza. Mjomba akapiga hesabu palepale: kwa pesa hiyo angepanda SGR kutoka Dar hadi Dodoma na chenji ya chipsi mayai ingebaki. Na kana kwamba mtu alikuwa ananitazama, simu ikaita, mpwa wangu wa Mwanza: "Anti nipige tafu, mkeka umechanika timu moja tu." Timu moja tu. Huwa ni timu moja tu. Mazulia na mataa yote yale wamegharamia kumvuta mteja, kumbe sisi kwetu kasino tumeiweka mfukoni mwa mtoto na anailipia bando mwenyewe. Hiyo ni makala nyingine, nitaiandika nikiwa na hasira za kutosha.

Sasa kofia. Kuna kijana alikuwa na kibanda cha picha, nguo za miaka ya 1950, bunduki ya bandia, gauni za manyoya. Akamwona Mjomba na ule mvi wake mzuri, akamvika kofia, akamwambia karibu kwenye enzi nzuri za zamani, kila mtu alikuwa bosi. Kijana mwenyewe hakuwa na ubaya. Ana kodi ya kulipa. Ila ule mtaa mzima unauza hicho hicho: enzi nzuri za zamani. Ukitembea utaambiwa hoteli ya Golden Gate ni ya mwaka 1906 na ndiyo iliyopata simu ya kwanza ya mji, namba 1. Utaambiwa lami ya kwanza ilikuwa hapa, 1925. Taa ya kwanza ya kuongoza magari, hapa. Leseni ya kwanza ya kamari, baada ya Nevada kuhalalisha mwezi Machi 1931, ilikwenda kwa mwanamke, Mayme Stocker, hapa hapa. Wanakumbuka mpaka lami.

Basi na tukumbuke vizuri. Mwaka huohuo wa 1931 lilianza kujengwa bwawa la Hoover, na mishahara ya wafanyakazi wake ndiyo iliyonenepesha mtaa huu. Weusi walioajiriwa kwenye bwawa lile walikuwa wachache mno kati ya maelfu, na hata hao walipatikana baada ya malalamiko. Ikaja vita vya pili, kiwanda cha magnesiamu kikahitaji mikono, na watu weusi wakaja kwa wingi kutoka miji midogo kama Fordyce kule Arkansas na Tallulah kule Louisiana. Kabla ya hapo weusi waliishi na kufanya biashara hapo hapo mjini, jirani na Fremont. Mji ukawafanyia kitu ambacho Mjomba alikielewa kabla sijamaliza sentensi: leseni zao za biashara haziongezwi muda, mpaka wahamie ng'ambo ya reli. Westside. Meya wa wakati huo, Ernie Cragin, alikuwa pia mmoja wa wenye sinema ya El Portal kwenye mtaa huohuo wa Fremont, na mteja mweusi aliketi upande aliotengewa. Fremont ilikuwa na lami tangu 1925. Westside ya miaka ya arobaini haikuwa na lami wala mabomba ya maji taka.

Halafu kila jioni watu hao wanavuka reli kwenda kupika, kufagia, kubeba mabegi na kutandika vitanda vya Fremont na Strip. Wanaingilia mlango wa nyuma. Mwimbaji maarufu mweusi, Sammy Davis Jr., aliimba kwenye hoteli ambazo hakuruhusiwa kulala. Akimaliza kupigiwa makofi anavuka kwenda kulala Westside, kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja aliyeitwa Genevieve Harrison. Mji ulikuwa na jina lake la utani: Mississippi ya Magharibi. Hizo ndizo enzi hizo, binamu. Kofia Mjomba angeivaa, ndiyo, akimshikia mwenyewe mlangoni.

Mtu ataniambia mambo yalibadilika. Yalibadilika, ndiyo. Yalibadilishwa na daktari wa meno. James McMillan, mwenyekiti wa tawi la pale la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, alitangaza kwamba hoteli zisipofungua milango kwa kila mtu, weusi wataandamana kwenye Strip. Fikiria sura za wenye hoteli wakiwaza watalii wakiona maandamano kwenye televisheni. Tarehe 26 Machi 1960 walikubaliana mezani, upande wa Westside. Hoteli mbili za katikati ya mji ziligoma: Horseshoe ya Benny Binion, na Sal Sagev. Sal Sagev ni Las Vegas ukiisoma kinyumenyume. Na Sal Sagev ndilo jina lililokuwa na jengo lile lile la 1906, lile la simu namba 1, lile unaloonyeshwa kwa fahari kuwa ndiyo hoteli ya kwanza ya mji. Simu wameikumbuka.

Asubuhi tulivuka reli. Nilimpeleka Mjomba mahali ambapo mkataba ule ulifanyika, hoteli ya Moulin Rouge, iliyofunguliwa Mei 1955 ikiwa hoteli ya kwanza ya kasino mjini humo kumpokea mweusi na mweupe meza moja. Bingwa wa ngumi Joe Louis alikuwa anapokea wageni mlangoni. Wacheza shoo wake walitokea kwenye jalada la jarida la Life. Nyota waliokuwa wakimaliza kazi Strip walikuja hapo kukesha, weupe kwa weusi, mpaka kumekucha. Novemba ya mwaka huohuo ikafungwa kwa madeni. Miezi sita haikutimia. Iliwekwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria mwaka 1992, ikachomwa moto 2003, mabaki yakaja kubomolewa.

Nilipopita na Mjomba palikuwa na uzio wa waya, majani makavu na mfuko wa plastiki ulionasa. Basi. Barabara inaitwa Bonanza. Mjomba alilisoma jina akatabasamu kidogo, maana kwake bonanza ni mechi ya maveterani Jumapili na mbuzi wa zawadi amefungwa kwenye goli.

Tukaenda Jackson, ulikokuwa mtaa wa starehe wa weusi, wenye vilabu na kasino zao wakati Fremont imewafungia. Kimya. Na hapa kuna sehemu ya hadithi inayonikera kwa sababu haina mtu mmoja wa kumlaumu: milango ya Strip ilipofunguka 1960, wateja wa Jackson nao wakavuka, na vilabu vya Jackson vikaanza kufa. Mjomba alisema Tabora aliwahi kuona hoteli ya Mswahili ikifa vilevile, uhuru ulipokuja na kila mwenye senti akataka kunywa chai pale walipokuwa wakinywa wazungu. Alisema hivyo bila uchungu. Uchungu nilikuwa nao mimi.

Sasa, maandishi ya taa ya Moulin Rouge hayakupotea. Yako kwenye Makumbusho ya Neoni, kaskazini kidogo ya Fremont, yamewekwa na mabango mengine yaliyostaafu. Aliyeyabuni ni Betty Willis, yule yule aliyebuni bango la kukaribisha wageni Las Vegas. Na ukumbi unaoingilia hapo ulikuwa mapokezi ya moteli iliyochorwa na Paul Revere Williams, msanifu majengo mweusi aliyejifunza kuchora juu chini, kichwa miguuni, ili mteja mzungu aketi ng'ambo ya meza na aone mchoro umemwelekea, asilazimike kuketi naye bega kwa bega. Nilipomweleza Mjomba habari hiyo alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniomba kalamu, akajaribu kuandika jina lake juu chini nyuma ya tiketi. Alifika herufi ya tatu.

Najua kuna watakaosema nimekwenda mahali pa starehe nikarudi na msiba. Nimesikia. Lakini sikukuta tangazo linalosema "tunauza taa na bia". Nilikuta linalosema historia, likiwa limeandikwa miaka mbele na nyuma, na nikavuka reli dakika chache tu kwa gari nikakuta ile historia imezungushiwa waya.

Nilipomaliza kuandika haya nilimsomea Mjomba kwa simu, maana amesharudi Tabora. Alisikiliza yote, akasahihisha jina la stesheni moja nililokuwa nimelikosea, nikalitoa. Nikamwomba basi aiondoe ile picha ya kofia, ameiweka profaili.

"Niiondoe ya nini?" akasema. "Nimeilipia dola kumi na tano."

Bado ipo.