Chapa za London za karne ya 18: tuziamini kwa kiasi gani?

Mwaka 1746 mchoraji William Hogarth na mchongaji Charles Grignion walitoa chapa, yaani picha iliyochongwa kwenye bamba la shaba na kuchapwa kwenye karatasi, ya mwigizaji David Garrick akiwa Richard III, mfalme katika tamthilia ya Shakespeare. Mfalme amezinduka hemani usiku wa kuamkia vita. Macho yamemtoka, mkono mmoja kaunyoosha, vidole vimetawanyika kana kwamba anazuia kitu tusichokiona. Kila nikiitazama hunirudia swali lile lile: Garrick aliigiza hivi kweli, au mchoraji ndiye aliyemtungia?

Wanaoshuku wana hoja nzito. Nyuma ya hema inaonekana mioto ya kambi ya askari. Hakuna jukwaa wala watazamaji. Mpangilio wenyewe unafuata mchoro maarufu wa Mfaransa Charles Le Brun kuhusu hema la Dario, mfalme wa Uajemi. Tena tamthilia iliyochezwa enzi zile haikuwa ya Shakespeare tupu, ilikuwa imefumuliwa na kushonwa upya na mwandishi Colley Cibber, na picha haina namna ya kutuambia hilo. Halafu kuna biashara. Garrick aliijua thamani ya sura yake: mwaka 1764, akiwa Paris, aliandika nyumbani apelekewe chapa zake, maana watu walikuwa wakimsumbua wazitaka. Chapa hizo zilikuwa tangazo lake, na tangazo husema linalompendeza mwenye nalo.

Hata hivyo siwezi kuwafuata wenye shaka hadi mwisho. Katika miaka ya 1770 Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg alitembelea London na kumwona Garrick akicheza Hamlet, pale mzimu wa baba unapotokea. Aliandika alichokiona kiungo kwa kiungo: mikono imenyooshwa, wa kushoto zaidi ya wa kulia, vidole vimeachana, mdomo wazi. Vidole vile vile, karibu miaka 30 baada ya chapa ya Richard, katika tamthilia nyingine, kwa jicho la mgeni asiye na picha ya kuuza. Na wengi wa wanunuzi wa London walikuwa wamemwona Garrick wenyewe; mkono wa uongo wangeugundua. Hema sina haja ya kuliamini. Mkono nauamini.

Chapa za mapenzi nazipita upesi. Zile ambazo Francesco Bartolozzi alichonga kwa vitone vidogo kutokana na michoro ya Angelica Kauffman ni nzuri sana ukutani, lakini zinaeleza ladha ya waliozinunua kuliko jinsi walivyopendana.

Kazi ngumu iko kwenye picha za nyumbani. Chukua Marriage A-la-Mode ya Hogarth, chapa 6 za mwaka 1745 zilizochongwa na Wafaransa. Ni kisa cha ndoa ya kubadilishana cheo kwa fedha: mume anauawa kwa upanga, mke anakunywa sumu. Hogarth alitaka kukemea, kwa hiyo kila kitu kimepangwa kimkemeo. Katika chapa ya pili mbwa ananusa kofia ya mwanamke inayochungulia mfukoni mwa mume aliyelala kitini hoi, na msimamizi wa nyumba anaondoka na furushi la bili, iliyolipwa ikiwa moja tu. Hata vyumba vimegeuka, kwa kuwa bamba la shaba lilifanya kulia kwa mchoro kuwa kushoto. Atakayevipima kama ramani atapotea. Lakini meza ya chai, karata zilizotapakaa sakafuni, mapambo yaliyosongamana juu ya meko, hivyo ilibidi mnunuzi avitambue mara moja, la sivyo kejeli ingemponyoka. Ndiyo maana vitu vidogo navipa imani kubwa kuliko kisa.

Chapa ya nne ndiyo inayonisumbua. Bibi mwenye nyumba anatengenezwa nywele huku wageni wakisikiliza muziki. Mtumishi Mweusi anagawa chokoleti, na chini sakafuni mtoto Mweusi mwenye kilemba ananyooshea kidole pembe za kisanamu cha Actaeon, mwindaji wa hadithi za Kigiriki aliyegeuzwa kulungu, huku akitabasamu. Kwa Waingereza pembe zilikuwa alama ya mume anayesalitiwa. Mwenye shaka atasema mtoto huyu ni pambo la fasheni tu, amewekwa hapo ili kuutegua mzaha. Huenda mchoraji alimtumia hivyo hivyo. Lakini watoto kama yeye walikuwepo London, wamevalishwa vilemba katika nyumba za matajiri, na wengi wao hawakuacha neno hata moja lao wenyewe. Huyu ameachiwa tabasamu na kidole. Katika chumba kizima, ndiye pekee anayeonyesha kwamba amejua kinachoendelea.