Mstahiki Meya wa huku na wa kwetu

Katika mji mdogo ninaoishi hapa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, meya hana mamlaka ya maana, na karibu kila mtu anamjua. Huko nilikokulia Tanzania, Mstahiki Meya anaongoza baraza lenye bajeti, shule na zahanati, lakini watu wengi wa mtaa wetu wangepishana naye sokoni wasijue ni nani. Wenzangu wa ughaibuni wana jibu la haraka: wenzetu wameendelea, viongozi wetu wanajikweza. Mimi jibu hilo silikubali, ingawa hiyo sehemu ya pili ina ukweli wake.

Kwanza tuelewane ni meya gani. Simzungumzii meya wa London au wa Manchester, anayechaguliwa na wananchi moja kwa moja na kukabidhiwa mambo ya usafiri na polisi. Huyu wangu ni mwenyekiti wa baraza la mji, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa za Uingereza. Sheria yao ya mwaka 1972 inaliruhusu baraza dogo la namna hiyo kujitangaza kuwa la mji, na mwenyekiti wake akaitwa meya. Madiwani wanamchagua miongoni mwao kila Mei, kwa mwaka mmoja, kisha mkufu wa umeya unahamia shingo nyingine. Kazi za baraza ni bustani, makaburi, ukumbi, vishamba vya kukodisha vya kulimia mboga na taa za Krismasi. Shule hazimhusu. Ukiomba kibali cha kujenga, baraza lake linatoa maoni, uamuzi unafanyika kwingine.

Basi kilichobaki mikononi mwake ni muda wake, na anautumia wote. Mzee fulani akitimiza miaka 100, kadi inatoka kwa Mfalme na meya anakwenda kumtembelea. Timu ya watoto ikipata uwanja mpya, yupo. Jumapili ya Novemba ya kuwakumbuka waliokufa vitani, ndiye anayeweka shada la maua kwenye mnara. Kila meya anachagua shirika la hisani la hapa hapa mjini, na mwaka mzima anazunguka kulichangishia: chakula cha jioni, mashindano ya maswali na majibu baa, bahati nasibu ya vikapu. Ratiba yake inatangazwa hadharani. Na jambo lililonishangaza kuliko mkufu wake wa dhahabu ni kwamba hafla ikiisha anakunja viti pamoja na wengine.

Niliwahi kumsindikiza rafiki yangu Mkenya kuapa uraia wa Uingereza. Yeye anaweza, maana Kenya iliruhusu uraia pacha katika Katiba ya 2010; mimi Mtanzania nikifanya hivyo naupoteza wa kwetu, kwa hiyo nilikaa nyuma na kupiga picha. Meya alikuwa amealikwa. Hotuba yake ilikuwa fupi mno, na sehemu kubwa ilihusu maktaba na jinsi ya kujiandikisha kwa daktari. Nilitegemea maneno mazito kuhusu taifa. Baadaye nikaona alifanya vizuri, kwa sababu waliokuwa pale walihitaji kujua maktaba iko wapi.

Sasa tuje kwetu. Meya wa manispaa au jiji naye ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake, lakini kazi yake ni nzito kuliko ya huyu wa Yorkshire. Anaongoza vikao vya baraza, anaongoza kamati ya fedha, na baraza hilo ndilo linalopitisha bajeti, ikiwemo ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokwenda kwenye mikopo ya vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Kwa upande wa mamlaka, wa kwetu anamshinda wa huku asubuhi na mapema.

Tatizo ni kwamba pembeni yake yuko Mkurugenzi, mteule wa Rais, ambaye ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri. Yuko pia Mkuu wa Wilaya, mteule mwingine wa Rais. Shughuli ikitokea, mgeni rasmi huwa ni Mkuu wa Wilaya, na Mstahiki Meya anapewa dakika mbili za kusalimia baada ya mshereheshaji kusema itifaki imezingatiwa. Tuliosoma shule za serikali tunakumbuka vizuri kusimama juani tangu saa mbili asubuhi tukisubiri msafara wa saa nne uliofika saa saba. Wimbo wa kumkaribisha mgeni tulishauimba mara kadhaa kwa magari yasiyokuwa yake.

Mpangilio huu una historia, na historia hiyo watetezi wa “wenzetu wameendelea” huwa wanairuka. Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Alikuwa sheikh na mshairi, na Arusha hadi leo wana uwanja wa mpira wenye jina lake. Watu walimjua meya wao. Kisha likaja zoezi la madaraka mikoani, mwaka 1972, kazi za mabaraza zikapewa watendaji wa serikali kuu walioko mikoani, na serikali za mitaa zikafutwa. Ndiyo, mwaka ule ule Waingereza walipokuwa wakiandika sheria ya kuviruhusu vijimji vyao kuwa na meya, sisi tulikuwa tunavunja mabaraza. Ya miji yalirudishwa mwaka 1978, na sheria mpya zikatungwa 1982. Katika miaka hiyo watu walijifunza kwamba shida yako unaipeleka kwa mtu aliyeteuliwa kutoka juu. Mazoea ya namna hiyo hayaondoki kwa kumvalisha mtu joho.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka tumwige meya wa Yorkshire. Kazi anayoifanya yeye, kwetu inafanywa tayari, na mtu mwingine kabisa: mwenyekiti wa mtaa. Msiba ukitokea yeye ni miongoni mwa wa kwanza kufika, anakaa kwenye mkeka na wafiwa, anajua nani bado hajatoa rambirambi na nani hana uwezo wa kutoa. Barua ya utambulisho ya kupeleka benki au NIDA, kwenye vitambulisho vya taifa, inaanzia kwake. Mke na mume wakigombana saa sita usiku, mlango unaogongwa ni wake. Najua, wapo walioufanya mhuri kuwa mtaji, barua haitoki bila “ya soda”. Wapo. Hata hivyo, mji wa huku unamhitaji meya mwenye mkufu kumtembelea bibi wa miaka 100 kwa sababu mara nyingi jirani wa bibi huyo hamjui jina. Niliyaona hayo kwenye nyumba ya tatu kutoka kwangu: gari la mazishi lilikuja, likaondoka, na mtaani hakuna pazia lililofunguliwa.

Kwa hiyo nikiulizwa tuchukue nini huku, mkufu tunao tayari, Waingereza waliuacha wenyewe. Ningechukua ratiba. Mstahiki Meya abandike kila mwezi anakwenda wapi na kwa nini, na akichelewa shughuli ianze bila yeye. Ningechukua pia kile kipindi cha maswali kabla ya kikao cha baraza, ambapo mkazi yeyote anasimama na kuuliza kuhusu taka au mtaro. Vikao vya baraza kwetu viko wazi kwa wananchi, ila ni wangapi wanaoambiwa tarehe? Na mwenyekiti wa mtaa apewe posho inayoeleweka, siyo ya kubahatisha, tuone kama “ya soda” itaendelea kudaiwa.

Kuna moja linaloniudhi zaidi ya yote haya. Kwa kuwa Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola, mimi na kibali changu cha ukaazi napiga kura ya udiwani hapa Yorkshire. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza hata kugombea, na akichaguliwa, hakuna kinachomzuia kuvishwa huo mkufu Mei mojawapo. Kwetu, nikiwa nje, kura sina, si ya diwani wala ya mwenyekiti wa mtaa. Mwezi uliopita mwenyekiti wetu alinitumia sauti kwenye WhatsApp kuhusu mchango wa kalavati la njia ya kwenda zahanati. Nilituma siku hiyo hiyo, na yeye akanirudishia picha ya risiti ya saruji.