Kunguru kusema si hoja. Hoja ni kwamba wanatujua

Mwaka 2018 kulizuka gumzo mitandaoni kuhusu ndege mmoja wa jamii ya kunguru wa Afrika aliyekuwa akiishi katika ngome ya Knaresborough, Uingereza. Alikuwa akiwajulia hali wageni na kuwaita wapenzi, tena kwa lafudhi ya Yorkshire. Wengi wakasema papo hapo: huyu ana akili kama mtu. Miaka sita baadaye, Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS) lilipotangaza mpango wa kuangamiza kunguru wa India milioni moja pwani, sifa hiyo ya akili ikageuzwa ngao. Mnawezaje kuwatilia sumu viumbe werevu hivyo?

Mimi naona kwamba tunasifia kitu kisicho na uzito na kuacha chenye uzito. Kuiga sauti ni kipaji, sikatai. Sokwe, ambaye ni jirani yetu wa damu, karibu hawezi kabisa kujifunza kutamka maneno. Kunguru anaweza, kwa sababu ni wa kundi la ndege wanaojifunza milio kwa kusikia, na sauti yake hutokea chini kabisa ya koromeo, pale njia ya hewa inapogawanyika kuelekea mapafuni. (Imani ya kale ya Ulaya kwamba kunguru husema akikatwa ulimi ni ukatili mtupu, ulimi wenyewe hauhusiki.) Kwetu twasema kunguru hafugiki, na pengine ndiyo sababu hatumsikii akisema: wanaoiga maneno kwa kawaida ni wale waliolelewa na watu tangu makinda. Ndege aliyekosa kunguru wenzake huchukua sauti za walio karibu naye. Hiyo inatuambia anavyotamani wenzake. Haituambii kama anaelewa anachokisema.

Ushahidi mzito uko kwingine. Mwaka 2006 John Marzluff wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, aliwanasa kunguru saba huku amevaa kinyago cha mtu wa mapangoni, akawatia pete miguuni na kuwaachia. Miaka kadhaa baadaye, yeyote aliyekatiza hapo na kinyago kile alizomewa na kunguru wengi, wakiwemo ambao hawakuwahi kunaswa. Walikuwa wamejifunza kwa wenzao. Na mwaka 2024 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walionyesha kwamba kunguru waliofunzwa huweza kulia mara moja hadi nne kwa kukusudia, na mlio wa kwanza pekee ulitosha kudokeza ndege amepanga kulia mara ngapi.

Sasa turudi Mombasa, Dar es Salaam na Unguja. Kunguru wa India, au kurabu kama wanavyomwita Wamombasa, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na utawala wa Waingereza ili ale taka za mji. Taka hakuzimaliza, badala yake aligeukia mayai na makinda ya kwera na chozi, vifaranga vya kuku na sahani za wageni hotelini. Anayewatetea kwa jina la huruma lazima ajibu na hili: makinda ambao kunguru huwanyofoa kiotani nao ni viumbe, ila hawajawahi kusambaa mitandaoni.

Upande wa pili nao una hoja. Sumu inayotumika, Starlicide, huua polepole. Kwanza ndege huwekewa vipande vya nyama visivyo na kitu, siku baada ya siku, mpaka wazoee. Ndipo sumu huchanganywa, nao hufa saa kadhaa baadaye, mara nyingi mbali, kwenye miti wanakolala. Ucheleweshaji huo ni wa makusudi. Kunguru mmoja akianguka kando ya nyama, waliobaki hawaigusi tena. Kwa hiyo mbinu nzima imejengwa juu ya kukiri kwamba tunapambana na anayefikiri, na kwamba ili tumshinde ni lazima kwanza tumfanye atuamini. Sishangai kwamba wapo wanaoona hilo linakera.

Linanikera na mimi, lakini halinifanyi nipinge. Kinachonitia shaka ni matokeo. Miaka ya 1990 Zanzibar iliwapunguza sana kwa mitego na sumu. Juhudi zikalegea, wakajaa tena. Malindi na Watamu nako walipungua, kisha matumizi ya sumu yakasitishwa, wakarudi. Kunguru huyu haishi porini, anaishi pale tu penye watu. Nenda soko la samaki la Feri, Dar, wachuuzi wanapopaa samaki: anakaa juu ya bati, anangoja matumbo yatupwe, kisu kikiinuka anaruka hatua mbili, kikishuka anarudi. Anasoma mikono.

Ndege wa namna hiyo hapunguzwi na sumu peke yake huku matumbo yakiendelea kutupwa pembeni. Kaunti na manispaa zinapopitisha fedha za chambo, fedha za mapipa yenye vifuniko na magari ya taka zipitishwe kikao hicho hicho. Zikikosekana, ningependelea hata hiyo sumu isinunuliwe, kwa sababu tutakuwa tumewaua maelfu kwa njia ya hila na nafasi zao zitajazwa na makinda ya waliosalia.