Shilingi 10,000 za mwaka 2002

Jamani, hii ruzuku ya shule za msingi inanikera mno. Mimi ni mwalimu mstaafu. Wakati wa MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi hapa Tanzania, mwaka 2002, serikali ilipanga shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Elimu bila malipo ilipoanza 2016, kiwango kikabaki kilekile, na humo 4,000 zinakatwa huko juu kwa ajili ya vitabu. Shuleni zinafika 6,000. Gawanyeni wenyewe: 500 kwa mtoto kwa mwezi! Chaki, karatasi za mitihani na ukarabati, vyote humohumo. Bei ya rimu ya 2002 nani anaikumbuka?

Juzi nimepita shule ya jirani, nikamkuta binti mwalimu wa darasa la nne anaandika mtihani ubaoni. Watoto wananakili maswali kwanza ndipo wajibu. Wale wa nyuma, wanne dawati moja, wanasimama ili waone. Muda umeisha, wengine bado wako swali la saba. Hapo unampima mtoto hesabu au kasi ya mkono?

Mwalimu mkuu akiomba wazazi wachangie rimu, anaitwa kujieleza kwamba anachangisha kinyume cha waraka wa serikali wa elimu bila malipo. Asipoomba, matokeo yakiwa mabaya anaulizwa yeye. Nimeona wakuu wazuri wakinunua chaki kwa mshahara wao, na hakuna aliyewarudishia.

Pandisheni hiyo ruzuku. Bajeti inasomwa kila Juni, na bei za vitu mnazijua.