Fidia ya Askari wa Marekani Asiyeweza Kazi: Ikatwe Akizeeka?

Mgongo ulioumia vitani hauponi kwa sababu mwenyewe ametimiza miaka 62. Naanza na hilo kwa sababu ndiko ubishi ulikolalia.

Marekani humlipa kila mwezi, bila kodi, askari aliyeumia akiwa jeshini, kwa kiwango cha ulemavu cha asilimia 10 hadi 100. Hesabu yake huwachanganya wengi: 50 na 30 hazifanyi 80. Ile 50 hutolewa kwenye 100, kisha ile 30 hupigwa kwenye nusu iliyobaki. Inapatikana 15; ukijumlisha na ile 50 ni 65, inasogezwa hadi 70. Mwaka 2025, asiye na mke wala mtoto alilipwa dola 1,759 kwa mwezi kwa asilimia 70, na dola 3,831 kwa asilimia 100. Hapo katikati ndipo kodi ya nyumba inapolipika au kushindikana.

Ndiyo maana kuna mlango wa pili. Mwenye ulemavu mmoja wa asilimia 60, au kadhaa unaofika 70 huku mmoja ukiwa na angalau 40, akithibitisha kuwa ndio unaomzuia kushika kazi ya kumweka mjini, hupewa nyongeza ili alipwe kama mwenye 100. Umri hautazamwi.

Wakosoaji wameushika umri huohuo. Mei 2017 serikali ya Trump ilipendekeza nyongeza hiyo iondolewe kwa waliofikisha miaka 62 na wanaostahili pensheni ya Hifadhi ya Jamii. Hoja ina uzito: nyongeza inafidia mshahara, na mzee wa miaka 75 angekuwa ameshastaafu hata angekuwa mzima. Vyama vya askari wa zamani vilipiga kelele, na mwezi uliofuata David Shulkin, waziri wa masuala ya askari wa zamani, akarudi nyuma.

Nasimama na vyama. Pensheni ya uzeeni hupimwa kwa mishahara mtu aliyowahi kupokea. Aliyeangushwa na majeraha akiwa na miaka 30 hakupata muda wa kupanda cheo wala kuweka akiba. Kumwambia uzeeni ajitegemee ni kumdai mavuno ya shamba ambalo hakuwahi kulilima.

Lakini kuna mahali nawapa wakosoaji haki yao: mpango huu huwafungia watu nyumbani. Aliyefika 100 kwa hesabu ya ulemavu peke yake anaweza kufanya kazi na kulipwa vizuri, asiguswe. Aliyepitia mlango wa pili, mshahara wake ukivuka mstari wa umaskini wa mtu mmoja, ambao mwaka 2023 ulikuwa karibu dola 15,500, na akidumu kazini miezi 12 mfululizo, anaweza kupoteza nyongeza yote kwa mkupuo.

Mfikirie mtu asiyelala kwa ndoto za vita. Asubuhi yuko ghalani; paleti ikianguka sakafuni kwa kishindo, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, anaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Mwezi huu amefanya siku 18, ujao 4. Zile wiki nzuri ndizo zinazomtia hofu zaidi, maana kila hundi ya mshahara inaweza kugeuzwa ushahidi kwamba amepona. Nyongeza ingepunguzwa kidogo kidogo kadiri mshahara unavyopanda, na kurudishwa bila kesi mpya afya inapozorota, angethubutu kuzipokea siku hizo 18.