Pikapu ya kuvuta tela la kambi: kinachoisha kwanza si nguvu ya injini

Familia nyingi za wenzetu walioko Marekani zimeanza kuzoea kambi za majira ya joto. Wanafunga nyuma ya pikapu tela lenye vitanda, jiko na choo, wanaelekea milimani au ziwani, wanapika chakula chao wenyewe na kuepuka bei ya vyumba vitatu vya hoteli. Likija suala la pikapu ipi ilivute tela hilo, ushauri unagongana. Wapo wanaosema usihangaike, chukua pikapu nzito moja kwa moja, Ford F-250, Ram 2500 au Chevrolet Silverado 2500, umalize kazi. Wapo wanaojibu kwamba pikapu za nusu tani za siku hizi (jina la daraja tu, si kiasi zinachobeba), yaani F-150, Ram 1500, Silverado 1500 na Toyota Tundra, zina nguvu ya kutosha na kubaki, na kumsukuma mtu anunue kubwa zaidi ni kumtia hasara bure.

Pande zote mbili zina hoja. Tatizo ni kwamba zinabishana juu ya kuvuta, wakati kwa tela la kambi kinachoisha kwanza karibu kila mara ni uwezo wa kubeba.

Fungua mlango wa dereva wa pikapu yoyote inayouzwa Marekani, tazama kwenye nguzo ya mlango. Kuna kibandiko cha matairi na mzigo, na juu yake sentensi moja inayosema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kilo kadhaa. Namba hiyo ni ya gari hilo hilo, kama lilivyotoka kiwandani na vikorombwezo vyake vyote. Brosha haina namba hiyo, na muuzaji mara nyingi haitaji mpaka umuulize.

Tuchukue pikapu ya nusu tani ambayo kibandiko chake kinasema kilo 700, kiasi cha kawaida kabisa kwa gari la milango minne. Tela la kambi lililopakiwa lina kilo 3,000. Ili tela litulie barabarani, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake inapaswa kukaa juu ya ndoano ya pikapu, na uzito huo unakatwa kwenye zile kilo 700. Ikipungua hapo, tela huanza kuyumba kushoto na kulia kwenye mwendo wa barabara kuu. Kwa asilimia 13 hizo ni kilo 390. Ongeza kilo 40 za ile ndoano yenye vyuma vya kugawanya uzito, unabaki na kilo 270. Baba, mama na watoto watatu wanaokua wanazimaliza hizo kilo 270 kabla hujapakia jenereta, mkaa wala gudulia la maji. Ni kweli vile vyuma vya kugawanya uzito hurudisha sehemu ya mzigo kwenye ekseli za tela, lakini unafuu huo ni mdogo, si wa kujengea mahesabu.

Sasa weka tela la kilo 5,000 nyuma ya gari hilo hilo, uzito ambao tangazo la biashara linaweza kukuambia inavuta bila shida. Ulimi wake, yaani uzito unaokaa juu ya ndoano, kwa asilimia 13 ni kilo 650. Zinabaki 50. Dereva mwenyewe hana pa kukaa.

Namba za matangazo si uongo. Zamani kila kampuni ilipima kwa namna yake, mpaka Toyota ilipoanza kutumia kipimo cha pamoja cha wahandisi, SAE J2807, kwa Tundra ya 2011, na kampuni tatu za Detroit (Ford, GM na Ram) zikafuata kwenye pikapu zao za nusu tani za 2015. Jaribio lake moja hufanywa kwa kigezo cha mlima wa Davis Dam kule Arizona: kilomita 18 hivi za kupanda, kwenye joto kali, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa mpaka mwisho, na pikapu haitakiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Ni mtihani mgumu, na gari linaloufaulu linastahili heshima. Ila mtihani huo unahesabu dereva na abiria mmoja, kila mmoja kilo 68. Hauhesabu familia ya watu sita, na familia zetu nyingi ni sita, saba, pamoja na bibi aliyekuja kutembea.

Kwa hiyo vifaa vya kuchagua vinapaswa kupimwa kwa swali moja: kinaongeza uwezo wa kubeba, au kinaula? Paa la kioo linaula. Viti vya ngozi vyenye mota, ngazi za umeme, magurudumu ya inchi 22, vyote vinaula. Tofauti ya kilo 200 kati ya pikapu mbili zenye jina moja, moja ya kazi na nyingine ya kifahari, si jambo la ajabu. Ndiyo maana mtu anayelipa pesa nyingi zaidi kwa toleo la juu kabisa anaweza kuondoka na gari lisilofaa kwa tela lake, na hilo linauma zaidi kuliko kukosa viti vya ngozi.

Tangi kubwa la mafuta lina pande mbili. Kibandiko kimeshatoa uzito wa tangi lililojaa, kwa hiyo tangi la lita 136 linakupunguzia mzigo hata kabla hujaanza safari. Lakini ukivuta tela refu kama ukuta, unywaji wa mafuta hupanda sana, na kuingia kwenye kituo kidogo cha mafuta ukiwa na mita kumi na tano za gari na tela ni mateso. Mimi ningelichukua tangi kubwa kama hesabu ya kilo inaruhusu. Vivyo hivyo F-150 yenye injini ya mseto wa petroli na umeme: ina uzito wa ziada, ila kwa toleo lenye umeme wa kilowati 7.2 unachomeka jiko na friji moja kwa moja kwenye bodi la gari, na jenereta ya kelele inabaki nyumbani.

Kifurushi cha kuvutia tela hakina mjadala, kichukuliwe. Hapo ndipo zinapokuja ndoano imara, soketi ya pini saba na upoozaji bora. Hakikisha kidhibiti cha breki za tela kimo kwenye orodha, maana majimbo mengi yanataka tela lenye uzito wa zaidi ya kilo 1,360 liwe na breki zake, na breki za umeme bila kidhibiti hazifanyi kazi. Kwenye difu, yenye uwiano wa gia wa 3.73 inavuta vizuri zaidi kuliko ya 3.31; giaboksi za gia kumi zimepunguza tofauti hiyo, lakini bei yake ni ndogo na kubadilisha difu baadaye ni gharama kubwa. Springi za hewa zinazofungwa na fundi mtaani zinanyanyua nyuma ya gari ikae sawa, ila haziongezi hata kilo moja kwenye kibandiko. Anayekuambia vinginevyo usimsikilize.

Upande wa pikapu nzito una nguvu ambayo wapenzi wa nusu tani hawaitendei haki. Fremu nene, breki kubwa, matairi ya mzigo na uzito wa gari lenyewe hufanya upepo wa lori linalokupita usikusukume ovyo. Dereva aliyechoka saa kumi jioni, watoto wakilia nyuma, anahitaji gari linalomsamehe. Hoja dhidi yake ni ya siku zilizobaki za mwaka: pikapu hiyo inaruka ruka ikiwa tupu, haiingii kwenye gereji nyingi, matairi yake ni ghali, na kwa majimbo kadhaa ada ya usajili hupanda na uzito. Mtu anayevuta tela mara chache kwa mwaka na kwenda kazini kila siku mjini anaibeba gharama hiyo bila faida.

Hata ndani ya pikapu nzito kuna mtego. Watu huamini dizeli ndiyo ya kuvutia, na kwa kuteremka milima ni kweli: breki ya injini inashikilia mwendo bila kuchoma breki za miguu. Lakini injini ya dizeli ni nzito kwa mamia ya kilo, na kwa kuwa F-250 nyingi hupewa kikomo cha uzito wa jumla (gari pamoja na mzigo wake) cha pauni 10,000, kilo 4,536 hivi, dizeli hubeba kidogo kuliko ile ya petroli ya V8 ya lita 7.3. Na inaongeza takriban dola 10,000 kwenye bei. Kwa tela la kambi la tani tatu au nne, petroli inatosha, isipokuwa unaishi upande wa Colorado. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, na handaki la Eisenhower kwenye barabara ya I-70 liko mita 3,401. Theluthi ya nguvu imekwenda pale. Anayepita hapo mara kwa mara atafute tabo, iwe ya dizeli au ya petroli.

Msimamo wangu ni huu: familia ya wanne au watano yenye tela lisilozidi kilo 2,700 likiwa limejaa inatoshwa na nusu tani, mradi iwe ya toleo la kazi na kibandiko kisome kilo 800 au zaidi. Pikapu ya namna hiyo huikuti kirahisi kwenye yadi, kwa sababu yadi hujaza za kifahari. Mara nyingi utaagiza na kusubiri. Familia ya saba haiingii hata kwenye viti vya kawaida vya pikapu yenye mikanda sita, kwa hiyo wao watafute gari kubwa la abiria linalovuta, kama Chevrolet Suburban, na tela dogo zaidi.

Kabla ya kulipa, muombe muuzaji picha ya kibandiko cha gari lenyewe, si cha linalofanana nalo. Na baada ya kununua, pakia kila kitu pamoja na watoto, upite kwenye mzani wa CAT Scale kwenye kituo cha malori. Ndugu zetu wanaoendesha malori wanaijua kazi hiyo vizuri: kwa dola chache unapewa karatasi yenye uzito wa ekseli ya mbele, ya nyuma na ya tela, kila moja kwa namba yake. Kama ekseli ya nyuma ya pikapu imezidi, na tangi la maji la tela liko mbele ya ekseli za tela, punguza maji hayo kwanza, kwa sababu kila lita ni kilo nzima.